Shimo langu la kwanza lilioza lote, na mengine ya saileji

Habari zenu wafugaji wenzangu. Leo nimeamua kukaa niandike hii habari ya saileji, yaani majani mabichi ya ng'ombe yaliyokatwakatwa na kuvundikwa bila hewa ili yasioze, mpaka mwisho manake kila nikipigiwa simu swali ni lile lile, unawalishaje ng'ombe kiangazi chote na maziwa hayashuki, na nikianza kujibu naongea nusu saa nzima na hata kwenye shimo sijafika. Basi naandika yote hapa, pamoja na yale yaliyoniuma.

Mwaka wa kwanza nilipoteza shimo zima. Nilikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na kiangazi kilichotangulia kilikuwa kimewakondesha mpaka mbavu unazihesabu ukiwa mbali, mmoja akakauka maziwa kabla ya wakati wake, nikaapa haitatokea tena. Nikasikia habari za saileji nikachimba shimo. Sasa angalia nilivyofanya: nilivunja kwanza mahindi yote kwa ajili ya punje, mabua yakabaki shambani mpaka yakawa rangi ya kaki, ndo nikaanza kuyakatakata kwa panga vipande virefu kama kidole, nikajaza shimo kwa siku nne, leo kidogo kesho kidogo maana tulikuwa wawili tu, usiku tunaacha wazi tunaenda kulala, mwisho nikafunika na nailoni ya zamani yenye matundu matatu manne nikatupia udongo juu. Nikahesabu siku 40. Siku ya kufungua nilikuta ukungu mweupe na wa kijani umeshikana kama godoro, na ukiingiza mkono ndani unakutana na joto. Ng'ombe walinusa wakageuza vichwa.

Jirani yangu mmoja mzee, mtu aliyefuga miaka mingi kuliko umri wangu, alikuja akachota kiganjani akanusa, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mwanangu, hapa umetengeneza mboji. Ulikata lini, na ulijaza kwa siku ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa tu, hakunigombeza. Haya maswali yake mawili mpaka leo ndo ninayouliza mtu akiniletea saileji mbovu, na karibu kila mara jibu linapatikana hapo hapo kabla hata hatujaenda kuangalia shimo.

Kwanza tuelewane kinachotokea mle ndani, manake ukishakielewa masharti mengine yote unaweza kuyatunga mwenyewe. Jani likishakatwa halijafa, linaendelea kupumua. Likipata hewa linachoma sukari yake lenyewe na kutoa joto, na hiyo sukari ndo chakula ulichotaka kumwekea ng'ombe. Hewa ikiisha, wanaingia kazini bakteria wanaoishi bila hewa, wale wale wa jamii inayogandisha maziwa, wanakula sukari iliyobaki na kutoa asidi ya laktiki. Asidi inapanda mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho kikishuka ndo uchachu umezidi, inashuka karibu na 4, na ikifika hapo wadudu wa kuozesha hawawezi tena kufanya kazi, majani yanakaa kama yalivyo miezi na miezi, hata mwaka na zaidi, ilimradi hakuna hewa mpya inayoingia. Basi, hicho tu. Kuna mwanakemia wa Ufini, Artturi Virtanen, alipewa Nobeli ya kemia mwaka 1945 na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa njia yake ya kuhifadhi majani ya mifugo, yeye alimwagia asidi moja kwa moja ili pH ishuke haraka chini ya 4 bila kuwasubiri bakteria. Mimi nikisoma habari kama hiyo nafurahi sana, kwamba mtu alipewa heshima kubwa namna ile kwa sababu ya chakula cha ng'ombe.

Lakini sikia jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Saileji haiongezi ubora wa majani. Unachoweka ndo unachotoa, tena ukiwa makini sana unatoa pungufu kidogo. Mabua yangu makavu hata yangevundikwa na fundi bora duniani yangebaki mabua makavu, na tena makavu hayashikani, hewa inakaa katikati, sukari yenyewe imeshakwisha, bakteria watakula nini. Kwa hiyo kazi ya saileji inaanzia shambani siku ya kupanda, na inaamuliwa siku ya kukata.

Mahindi ndo rahisi kuliko yote kwa sababu yana sukari ya kutosha na hayahitaji kuongezewa kitu. Panda mbegu yenye bua kubwa NA hindi kubwa, usidanganyike na urefu peke yake, manake kwenye mahindi mazuri ya saileji karibu nusu ya uzito ukiondoa maji unatoka kwenye hindi lenyewe, na hiyo nusu ndo yenye wanga unaoleta maziwa. Mtu anayevunja mahindi auze halafu avundike mabua anavundika ile nusu dhaifu. Najua inauma kukata hindi zuri lote likaingia kwenye mashine, hata mimi mwaka wa pili mkono ulikuwa mzito, lakini kama unataka punje tenga eneo lake na eneo la ng'ombe liwe la ng'ombe.

Kukata lini? Vunja hindi katikati uangalie punje. Utaona kuna mstari, juu pameshakuwa pagumu na njano na chini bado maziwa meupe. Mstari ukiwa umeshuka nusu ya punje mpaka theluthi mbili, huo ndo wakati. Majani ya chini kabisa yanakuwa yameanza kukauka lakini mmea wenyewe bado ni kijani. Hapo mmea mzima una karibu asilimia 30 mpaka 35 ya kitu kikavu, yaani ukiukausha kilo 100 zinabaki kilo 30 na kitu. Ukikata mapema zaidi maji ni mengi, yanachuruzika na kwenda na sukari na virutubisho, na uchachu unaharibika. Ukichelewa, hayashikani na punje ngumu zinapita tumboni zikatoka nzima kwenye kinyesi. Na huo muda mzuri haukai sana, ni siku chache tu, wiki na kitu hivi ikitegemea joto, kwa hiyo mashine, watu, nailoni, vyote viwe tayari kabla, usianze kutafuta mashine ya kukodi siku mstari umeshafika. Hapo ndo wengi wanaangukia. Mimi mwaka wa pili niliahidiwa mashine Jumatatu ikaja Jumamosi, hayo mahindi niliyaona yakikauka mbele ya macho yangu na sina la kufanya.

Kata kama shibiri moja hivi kutoka ardhini, sentimita 15 mpaka 20. Kile kisiki cha chini ni mti mtupu, tena ndo kunajikusanya naitreti, chumvi ya kwenye mmea ambayo ikizidi ni sumu kwa ng'ombe, hasa jua likiwa limepiga sana halafu mvua ikaja ghafla. Mahindi yakipata ukame halafu yakanyeshewa usiyakate kesho yake, subiri siku kadhaa. Naitreti inapungua ikivundikwa lakini haiishi yote. Na pia ukikata juu hupelekei udongo shimoni. Udongo ni adui mkubwa, una wadudu wa kuozesha wanaotoa ile harufu mbaya nitakayoisema huko chini.

Nepia, au mabingobingo, majani ya tembo, kila mtu na jina lake, nayo inavundikwa lakini inataka uvumilivu zaidi. Ina maji mengi na sukari kidogo. Ikifika kiunoni mpaka mita moja hivi, wiki 6 mpaka 8 tangu mkato uliopita, kata, na hapo usisubiri ikue zaidi ukidhani unapata mzigo mkubwa. Mzigo utaupata ila utakuwa wa vijiti, protini imeshashuka. Ukishakata iache inyauke, nusu siku mpaka siku moja ya jua, usiirundike. Halafu wakati wa kujaza unaiongezea sukari, molasi kilo 3 mpaka 5 kwa kila kilo 100 za majani, unaichanganya na maji kidogo tu ya kuifanya imwagike vizuri, unanyunyiza kila tabaka. Kama molasi huipati, changanya na mahindi mabichi yaliyokatwakatwa au pumba. Mtama nao ni mzuri sana sehemu zenye ukame, unakatwa punje zikiwa laini kama donge, na unachipua tena, lakini yale machipukizi madogo usimwachie ng'ombe ayale mabichi kwa sababu yana sumu ya sianidi inayoua haraka sana. Acha yakue.

Mikunde je? Lusini, fiwi, desmodiamu. Watu wanasikia protini wanataka kuvundika lusini tupu. Sikushauri kama ndo unaanza. Mikunde ina sukari kidogo na pia inapingana na asidi, pH inashuka taratibu mno, wadudu wabaya wanapata nafasi. Mimi naichanganya, sehemu moja ya mikunde kwa tatu au nne za mahindi, na nyingine nakausha kivulini nalisha kavu. Na kweli unaihitaji, manake saileji ya mahindi peke yake ni wanga mzuri lakini protini ni kama asilimia 8 tu ya kitu kikavu, na ng'ombe anayetoa maziwa mengi anataka karibu mara mbili ya hiyo. Kuna watu wanalisha saileji tupu halafu wanasema saileji haileti maziwa! Weka mikunde, weka mashudu, weka madini, ndo uone.

Sasa siku yenyewe.

Katakata vipande vifupi, sentimita 1 mpaka 2. Hapa panga halitoshi jamani, tafuteni hata mashine moja mshirikiane watu watano sita, mnazunguka kwa zamu. Kipande kifupi kinashikana, kirefu kinabakiza hewa. Kabla ya kujaza chukua fumba moja ya majani yaliyokatwa ukamue kwa nguvu zako zote nusu dakika hivi halafu fungua mkono. Maji yakichuruzika kati ya vidole, bado mabichi mno, yanyaushe. Donge likibaki limeshikana au likifunguka taratibu na kiganja kina unyevu tu, jaza. Likisambaratika hapo hapo, umechelewa, hapo itabidi ushindilie mara mbili na uombe.

Tandika nailoni mpya chini na pembeni, jaza tabaka jembamba la sentimita 15 hivi, kanyaga, jaza, kanyaga. Kukanyaga ndo kazi yenyewe. Pembeni na kwenye kona kanyaga zaidi ya katikati, sababu kila shimo bovu nililowahi kuitwa kuangalia lilianzia kuoza pembeni. Pipa lililojaa maji linaviringishwa vizuri juu yake, mwenye trekta atumie trekta ila matairi yaoshwe udongo kwanza. Jaza na funga siku hiyo hiyo, ikishindikana kabisa ya pili, na hiyo usiku mmoja wa katikati funika. Juu lifanye kama mgongo wa samaki ili maji ya mvua yateremke, funika nailoni, weka udongo unene wa sentimita 30, chimba mfereji kuzunguka. Na shimo likae sehemu iliyoinuka, mbali na kisima, yale maji yanayotoka kwenye saileji mbichi ni makali, yanaua samaki yakifika mtoni na yanaharibu maji ya kunywa.

Kitu kingine na hiki nakiomba kwa moyo wote: wiki tatu za kwanza watoto wasicheze karibu na shimo na mtu asiingie kwenye shimo refu lililofunikwa. Kuna gesi inatoka, rangi ya njano ya kahawia, inanuka kama dawa ya kung'arisha nguo, ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inalala chini, na inaunguza mapafu. Wakati mwingine hata rangi huioni.

Hesabu nayo. Mimi ng'ombe mmoja nampa kilo 20 za saileji kwa siku pamoja na majani makavu na chakula cha ziada. Wawili ni kilo 40, siku 120 za kiangazi ni kilo 4,800, na kwa kuwa hata ukifanya vizuri kuna hasara, mimi naweka asilimia 15, inabidi nikate kama kilo 5,650. Ukikanyaga kwa miguu vizuri mita moja ya ujazo inaingia kama kilo 500, kwa hiyo nahitaji mita za ujazo 11 na kidogo. Shamba la mahindi linalotoa tani 30 kwa hekta, hiyo ni chini ya robo ya hekta. Unaona sio eneo kubwa.

Lakini hesabu ambayo hakuna aliyeniambia ni ya mdomo wa shimo. Mwaka wa pili shimo langu lilifanikiwa, harufu tamu, nikafurahi sana, na baada ya wiki mbili za kulisha likaanza kupata joto mbele na ukungu ukarudi. Nililia kwa kweli. Kumbe shimo lilikuwa na upana wa mita 2 na kina cha mita moja na nusu, na kwa kilo 40 kwa siku nilikuwa nakwangua hata sentimita 3 hazifiki, wakati inatakiwa angalau 15 kwa siku na zaidi kwenye joto, ili hewa isiwahi kuingia ndani kuliko wewe. Kwa ng'ombe wawili shimo pana halifai, hata ulifunge vipi. Sasa hivi nimechimba mtaro mwembamba nimeugawa vipande kwa nailoni, kila kipande kimefungwa peke yake, na nusu nyingine naweka kwenye mifuko ya nailoni nene inayobeba kama kilo 40 hivi, unafungua mmoja asubuhi unaisha siku hiyo. Pipa la lita 200 nalo linabeba kama kilo 100, siku mbili na nusu limekwisha. Mwenye ng'ombe mmoja au mbuzi wa maziwa mimi namwambia aanze na mifuko moja kwa moja, ila aiweke mahali panya hawafiki, tundu moja la panya ni mfuko mzima.

Siku 21 inatosha kufungua ingawa mimi napenda kusubiri mpaka 40. Nzuri ina rangi ya kijani iliyoiva, kama zeituni, na inanuka uchachu mtamu, maziwa mgando na matunda yaliyoiva. Ikinuka uvundo wa siagi iliyoharibika na inateleza mkononi, ilikuwa na maji mengi au udongo uliingia. Ikiwa kahawia na inanuka kama tumbaku au sukari iliyoungua, ilipata joto, na hii inadanganya kwa sababu ng'ombe wanaipenda mno, wanaila yote, ila protini yake imeungua na haimsaidii. Na ukungu tupa. Tupa na kile kinachozunguka ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, inapita kwenye tumbo la ng'ombe inaingia kwenye maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi, kwa hiyo ile saileji unayoionea huruma kuitupa inaweza kuishia kwenye kikombe cha mtoto wako. Mbuzi na kondoo saileji mbovu inawaharibu haraka zaidi, kuna bakteria anaitwa listeria anawafanya watupe mimba au wazunguke zunguke wakiinamisha kichwa upande mmoja mpaka wafe.

Kulisha anza kidogo kidogo, wiki moja mpaka siku kumi, tumbo lizoee. Toa baada ya kukamua, sio kabla, manake harufu inaingia kwenye maziwa, na usiiache saileji wazi kwenye chumba unachokamulia. Ndama wa chini ya miezi mitatu mimi siwapi. Kilichobaki kwenye hori jioni nafagia chote, kesho kinakuwa kimeshapata joto.

Mwaka huu mahindi yangu yamebeba vizuri. Juzi nilivunja hindi moja mstari ulikuwa bado haujafika nusu, majani ya chini mawili matatu yameanza kugeuka. Mashine nimeshaiweka hapa nyumbani safari hii, nailoni ipo, wenzangu wanne wameshajua. Kesho asubuhi naingia nivunje mengine kwenye kona tofauti tofauti za shamba, kule bondeni huwa yanachelewa.